Maneno ya Fundi Kimya

Fundi Kimya hutengeneza makochi. Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba yake. Humo mna fremu za mbao, sponji na vitambaa vya kila rangi.

Yeye ni kiziwi tangu utotoni. Hasikii, wala hasemi kwa mdomo. Lakini anasoma, anaandika, na anaongea kwa ishara za mikono. Mkewe na binti yao wanazijua vizuri ishara hizo.

Siku moja mkuu wa chuo cha ufundi alikuja kuchukua kochi lake. Alilikagua mbele na nyuma. Kitambaa hakikuwa na mkunjo hata mmoja.

"Tunatafuta mwalimu wa kazi hii," alimwambia binti. "Lakini baba yako atawafundishaje vijana wasiojua ishara? Nileteeni video fupi, niwaonyeshe. Wakielewa, tutazungumza."

Mkuu alipoondoka, binti alimfikishia baba maneno yake, kisha akasema kwa mikono, "Usijali, baba. Nitaweka sauti yangu, nieleze kila kitu."

Baba alitikisa kichwa. "Kazi ni yangu," alijibu kwa mikono. "Na maneno yatakuwa yangu. Nitaandika."

Baba akafanya kazi, binti akampiga picha kwa simu. Zilifika picha thelathini. Baba akaandika maelezo, tena marefu. Binti akaziunganisha picha ziwe video, akayabandika maelezo juu yake. Alichagua herufi za mapambo, zenye mikia, za rangi ya njano. Wakajiona wamemaliza.

Wakaipeleka kwa jirani yao, mama mchora vibao. Vibao vingi vya maduka ya mtaa ule kavichora yeye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nione."

Aliishika simu mbali. Akaisogeza karibu. Akakunja uso. "Mwanangu, haya ni maandishi, au siafu waliomwagiwa maji?"

Binti alicheka, lakini moyo ulimuuma. Baba akauliza kwa mikono, "Amesema nini?" Binti akasita, kisha akamwambia. Baba naye akacheka mpaka mabega yakatikisika.

"Mwambie asinionee haya," alisema kwa mikono. "Aseme yote."

Mchora vibao akavuta kigoda. "Kibao changu husomwa na mtu anayepita mbio. Video ni hivyo hivyo, picha haimsubiri mtu. Haya, hapa umeandika njano juu ya kitambaa cha njano. Nani ataona? Weka mkanda mweusi, halafu andika kwa nyeupe juu yake. Herufi ziwe nene, za kawaida. Mikia waachie ng'ombe."

"Na haya maelezo?" binti aliuliza.

"Marefu mno. Picha moja, jambo moja, maneno machache. Tazama, hapa maandishi yamefunika mikono ya baba yako. Mikono ndiyo somo! Yasogeze pembeni. Ila yasiwe ukingoni kabisa, yasije yakakatwa."

"Picha ikae muda gani?"

"Soma maneno yake mara mbili, polepole. Ukimaliza, ndipo picha ipite."

Walirudi nyumbani, wakaanza upya. Safari hii binti alipiga picha zote karibu na dirisha, kwenye mwanga, simu ikiwa imelazwa kwa upana. Walibakiza picha kumi na mbili tu, wakazipanga kama kazi inavyokwenda. Baba alikata maneno yake bila huruma. Palipokuwa na mistari mitano, sasa palisomeka: "Anza kupiga pini katikati ya kitambaa. Malizia pembeni."

Kisha wakamwita bibi, mama yake Fundi Kimya. Bibi alikuwa amejifunza kusoma mwaka uleule, katika darasa la watu wazima.

"Kama mimi nitaweza, hakuna atakayeshindwa," bibi alisema, akavaa miwani. Akasoma kwa sauti, neno baada ya neno. Picha mbili zilimpita kabla hajamaliza. Binti akaziongezea muda. Bibi akarudia toka mwanzo, akasoma yote. Akamgeukia mwanawe.

"Leo nimemsikia mwanangu," alisema. Fundi Kimya, alipofikishiwa maneno hayo na mkewe kwa mikono, aliinama akashika mikono ya mama yake.

Wiki iliyofuata, video ilionyeshwa chuoni, kwenye ukuta mweupe. Wanafunzi ishirini waliketi wakiutazama. Picha ya kwanza ikatokea. Mmoja akasoma kwa sauti, wengine wakamfuata. Fundi Kimya alisimama kando ya ukuta, akiwatazama. Hakusikia kitu. Lakini aliona midomo ishirini ikitamka maneno yake kwa pamoja.

Video ilipokwisha, mwanafunzi mmoja wa kike alikwenda ubaoni akaandika: "Kwa nini tuanze katikati?"

Binti alinyanyuka amsaidie baba. Baba akamwashiria akae. Akachukua chaki, akaandika kwa herufi kubwa, nene: "Ukianza pembeni, mikunjo itakimbilia katikati. Njoo ujaribu."

Darasa zima likaizunguka meza. Mkuu wa chuo alitaka kupita mbele aone, akakosa nafasi.

"Mwalimu ameanza kazi," alimwambia binti. "Hata hakungoja barua yangu ya ajira."