Filme ya Maziko ya Papa Kasika

Hii si hadithi ya wale wa zamani, wenye mifupa yao imekuwa udongo. Ni ya hizi siku zetu za simu na sola, na ilifika kwa Solange wa Mushaki, saa sita ya muchana, jua ikiwaka.

Solange alikuwa anafanya montaji ya filme: ndoa, ubatizo, kilio. Bwana yake Darius njo alikuwa anazipiga na kamera. Yeye anakata na kuunga kwa ordinateri, ile kompyuta yake, ndani ya chumba yao ya mbele, pembeni ya barabara. Ile siku Darius alikuwa amelala chumba ya nyuma. Alikuwa ametoka Walikale, kupiga filme ya maziko ya Papa Kasika, muwindaji wa pori, akarudi na shingo yenye kukauka.

"Ni ile pikipiki," alisema. "Itapona."

Solange akaingiza vipande vya kamera ndani ya programu ya montaji. Programu ikakataa: hii aina ya file siijui. Hakushangaa. Kamera ya Darius iko ya zamani, na kila mara lazima file zake zigeuzwe kwanza kuwa aina ingine, yenye programu inaweza kusoma. Kwa ile kazi alikuwa na programu ndogo yenye kugeuza, na ilikuwa inaunga vipande vyote kuwa filme moja.

Sasa, Solange alizaliwa Karuba, kwa watu wa ngombe. Kule ngombe ikikataa kukamuliwa, unaipiga-piga mbavu pole-pole, unaiambia: "Geuka, mama, geuka." Ile tabia alikuja nayo mpaka kwa ordinateri. Akabonyeza, akapiga-piga meza, akasema: "Geuka, mama, geuka."

"Ai!" Darius akalia kule nyuma. "Solange, shingo!"

"Lalia ule upande mwingine, Papa. Namaliza sasa hivi."

Filme ikafunguka, lakini haikuwa na sauti. Wanaume sita walikuwa wamebeba sanduku kwa njia ya pori, na pembeni, kati ya miti, mutu mwenye koti ya bluu ameipa kamera mugongo.

"Huyu naye alikosa pahali pa kukojoa," Solange akacheka.

Filme ya kilio bila kilio haina kazi. Akageuza mara ya pili. "Geuka, mama." Sauti ikakuja, lakini rangi yote ikakuwa kijani. Akakasirika, akaituma mara ya tatu bila kuangalia muzuri, na lile neno likamutoka tena. Njo akainua macho kwa ile filme ya kijani. Yule mutu wa miti hakuipa tena kamera mugongo. Alikuwa anatoa bega, na kidogo ya shavu.

Chumba ikanuka mbwa mwenye kulowa. Wao hawakuwa na mbwa.

Akakimbia nyuma. Darius alikuwa amelala chali, kifua kikiangalia juu, lakini kidevu kilikuwa kimepita bega, kinaangalia ukuta.

"Kuna mutu anaishika," Darius akanong'ona. "Ako na mikono ya baridi."

Mbele, mutu akaingia bila hodi. Alikuwa Mama Anastasie, mujane wa Kasika, mwenye alitoka Walikale kuchukua filme yake.

"Siku tatu kwa simu unaniambia kesho, kesho! Unapika filme ao unapika maharagi?"

"Mama, kuja uone. Huyu ni nani?"

Anastasie akaangalia. Akakaa chini pasipo kiti.

"Hii koti tulimuzika nayo."

"Ni Papa Kasika?"

"Nyamaza jina! Bwana yangu hakutaka kupigwa picha, hata ya karte ya uchaguzi. Mimi nikasema akishakufa atakubali. Njo nikaita bwana yako." Akashusha sauti. "Tulimulaza uso kwa pori, ili asiangalie tena watu. Wewe ulimuambia nini?"

"Sikumuambia yeye! Nilikuwa naambia mashini."

"Ulisema nini?"

"Geuka."

"Mara ngapi?"

Darius akapiga kelele. Mashini, kwa kugeuza ile mara ya tatu, ilikuwa imefika asilimia tisini.

Solange akabonyeza kusimamisha, mashini haikusikia, akang'oa waya wa sola, batri ikaendelea, na filme ikafunguka yenyewe, rangi nzuri, sauti nzuri, wamama wanalia vizuri kabisa kwa kaburi yenye kufunikwa, na kati ya miti yule mutu anageuka, shavu, pua, pembe ya jicho, pole-pole kama mutu mwenye kusikia jina yake, akimutafuta mwenye kushika kamera, na kila alivyogeuka shingo ya Darius kule nyuma ililia kama kuni zenye kuvunjwa.

Njo Solange akabonyeza kibonye cha kurudisha filme nyuma.

Ikakubali. Jicho likaenda, pua ikaenda, shavu likaenda. Ikabaki mugongo.

"Solange!" Darius akaita. "Imeniachilia!"

Solange akalia na kucheka pamoja. Anastasie hakucheka. Alikuwa anaangalia udongo unapanda kwa mapauro, kaburi inafunguka, sanduku inatoka, na wale sita wanaiweka kwa mabega na kuondoka, visigino mbele.

"Wanamurudisha wapi?"

"Kwenu, Mama. Kule filme ilianzia..."

Solange akakumbuka. Darius, mbele ya kila safari, anajaribu kwanza kamera hapa nyumbani. Picha ya kwanza ya ile filme haikuwa ya Walikale. Ilikuwa ya mulango yao.

Njia ya pori ikaisha. Mulango ikatokea kwa ordinateri, na filme ikasimama.

Inje, kuku zote zikanyamaza. Kukasikika miguu yenye kukanyaga na visigino kwanza, na pumzi ya wanaume wenye kubeba kitu kizito.

"Hodi."

"Usiitike," Anastasie akanong'ona, akimubana mukono. "Mufu haingii kama hajaitikiwa."

Solange akauma kitenge chake.

"Hodi."

Na kule nyuma Darius, mwenye hakujua kitu, mwenye raha ya shingo yake, akaitika kwa nguvu:

"Karibuni!"