Maji ya Usiku

Asubuhi katika bonde la Waiolu huanza na ukungu. Hushuka mlimani taratibu, ukafunika mfereji, majaruba ya magimbi na mapaa ya nyumba. Kwa kitambo mtu hajui kama ameamka au bado anaota. Kapeka aliipenda saa ile kuliko zote. Alikuwa akisimama mlangoni, shuka begani, akisikiliza maji yakipita.

Lakini mwaka ule maji yalikuwa kimya. Yalipita kwa kujiiba, hata chura aliyasikia kwa shida.

Nyuma ya nyumba mumewe Pilipo alikuwa akiponda magimbi kwa jiwe juu ya ubao. Magimbi yakipondwa na kutiwa maji huwa poi, uji mzito wa rangi ya majivu, na poi ndiyo chakula chao. Mama yake Pilipo, Bibi Nahinu, alikaa mkekani akingoja. Hakuwa na meno, kwa hiyo hakuwa na chakula kingine.

"Leo ni machache," Pilipo alisema.

"Jana pia ulisema hivyohivyo."

"Na leo nimesema tena. Unataka niimbe?"

Kapeka hakucheka. Alitazama rundo la magimbi yaliyotupwa kando. Yalikuwa laini, meusi kwa ndani, yakinuka.

"Baba yenu alikuja tena," Bibi Nahinu alisema. Kila asubuhi walisimuliana ndoto, na za bibi zilikuwa nyingi. "Alisimama mferejini. Kofia kichwani, miguu mikavu. Hakusema neno."

Kapeka aliingiwa na baridi. Aliamini marehemu baba mkwe wake amekasirika. Tangu ndoto ile ianze, alikuwa amesali na kumwekea samaki kwenye kichwa cha jaruba, pale maji yanapoingia. Hata hivyo magimbi yalizidi kuoza. Na yakiisha, wangekwenda wapi? Walijua vizuri wapi. Kampuni ya miwa ilikuwa na kambi ya vibarua kule chini pwani. Nyumba zote mstari mmoja, na kengele ndiyo inayokuambia uamke. Bwana Tolman wa kampuni alishasema mara mbili: tukodishieni shamba, nasi tutawapa nyumba kambini. Kapeka aliichukia kambi ile hata kabla ya kulala humo siku moja.

Asubuhi hiyohiyo jirani yao Simeona alipita. Zamani, enzi za ufalme wa visiwa vyao, Simeona alikuwa msimamizi wa maji wa bonde lile. Yeye ndiye aliyepanga zamu, nani apate maji lini. Alikuwa mtu wa maneno mengi na tumbo kubwa, na alimtania kila mtu.

"Shemeji, uso umekunjamana namna hiyo, umemeza ndimu?"

Kapeka alimweleza habari ya magimbi, kisha ya ndoto. Simeona aliacha utani.

"Marehemu namjua. Hakuwa mtu wa kununa. Huyo anakuonesha jambo. Miguu yake mikavu, amesimama wapi?"

"Mferejini."

"Basi twende mferejini. Tia mkono kwanza hapa jarubani. Maji yakoje?"

Kapeka aliinama. "Ya uvuguvugu. Kama ya kuoga."

"Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Gimbi hupenda miguu baridi, na maji yanayotembea. Maji yakisimama, jua linayachemsha. Yakipata moto, mizizi inaoza. Samaki hujakosea kumweka, baba alimpenda samaki. Ila samaki hapoozi maji."

Walifuata mfereji kwenda juu. Ukungu ulikuwa bado haujainuka, na walitembea kama watu wawili ndani ya usingizi wa mtu mwingine. Kapeka alisikia ndege asiowaona. Aliwaza habari za watu wa zamani waliouchimba mfereji ule kwa mikono, jiwe kwa jiwe. Ilikuwa kama wako karibu, nyuma tu ya ule weupe, wakiendelea na kazi. Mwili ulimsisimka, lakini hakuogopa.

Walipofika juu walikuta lango jipya la mbao, limefungwa nusu. Upande wa pili kulikuwa na mfereji mwingine, mpana, uliojengwa kwa saruji. Maji yalikuwa yakikimbilia huko, mengi, baridi, kwa kelele, kuelekea kwenye miwa. Mlinzi alikuwa amekaa juu ya jiwe akivuta tumbaku.

"Nani kakuruhusu kufunga hapa?" Simeona aliuliza.

"Ruhusa ipo," mlinzi alisema. "Tumepewa maji ya usiku. Mtu wenu mwenyewe alikubali. Pilipo."

Kapeka aliligeukia lango. "Maji ya usiku tu? Mbona sasa ni asubuhi na lango bado limefungwa?"

Mlinzi alitazama pembeni. "Miwa ina kiu sana siku hizi."

Pilipo alipoulizwa, alikaa chini kwanza.

"Bwana Tolman alikuja wakati mimi na mama tunakula, wewe hukuwepo," alisema. "Alikaa mkekani kama sisi. Alichovya vidole, akala, akasifu poi ya mama. Kisha akasema, ndugu yangu, ninyi usiku mmelala, maji yanapita bure mpaka baharini. Tuazimeni hayo ya usiku. Bakuli lilikuwa wazi, Kapeka. Ningefanyaje?"

Kapeka alilijua jibu. Katika nchi ile gimbi ni kaka mkubwa wa watu, alizaliwa kwanza, na watu wakafuata. Bakuli la poi likiwa wazi, kaka mkubwa yupo. Mbele yake hakuna ugomvi, hakuna ubishi, hakuna kumwambia mgeni hapana. Hata watoto huacha kununiana mpaka bakuli lifunikwe.

"Nawe ukasema ndiyo," Simeona alisema.

"Nilisema, 'Vema, bwana.' Nikadhani nitamwambia baadaye. Lakini alipomaliza kula aliaga upesi. Nikaona aibu kumfuata barabarani." Pilipo alifunika uso kwa mikono. "Mama anashinda na njaa kwa ajili ya adabu yangu."

"Usijilaumu sana," Simeona alisema. "Yule Tolman kazaliwa hapahapa. Babu yake alikuja kuhubiri. Anaongea lugha yetu vizuri kuliko hata binti zangu. Unadhani hajui habari ya bakuli? Anajua. Ndiyo maana huja saa ya kula."

Neno hilo lilimchoma Kapeka kuliko yote.

Simeona aliendelea, na safari hii alizungumza polepole.

"Mnajua nchi hii ilichukuliwaje? Hivyohivyo. Wageni walikaribishwa, wakala. Watoto wao wakapata ardhi, wakapanda miwa. Miwa ikataka maji, ikataka na soko la Marekani. Malkia wetu alipotaka kuwarudishia watu wake nguvu, matajiri wa miwa wakamwondoa. Askari wa manowari ya Marekani walikuwa wamesimama barabarani na bunduki. Nani angebisha? Baadaye wakaomba nchi yote iwe ya Marekani."

"Tulikataa," Kapeka alisema. "Mimi mwenyewe nilitia jina langu kwenye waraka wa kukataa. Wanawake tulijipanga uwanja mzima."

"Tulikataa, na majina yakafika mpaka bungeni kwao. Mkataba wao wa kuichukua nchi ukakwama. Kisha ikaja vita yao na Wahispania, wakataka bandari ya meli zao, wakapita njia nyingine, kwa kura ya bunge lao tu. Bendera ikapandishwa. Hilo hatukuliweza. Lakini sikilizeni vizuri. Sheria ya maji ya tangu enzi za wafalme bado ipo. Maji ni ya ardhi iliyokuwa ikiyanywa tangu zamani, mchana na usiku. Mtu mmoja hawezi kuyagawa ya bonde zima, hata akisema vema mara mia. Ila sheria iliyonyamaziwa huwa kama haipo. Lazima mtu aseme hapana, waziwazi, mbele ya mashahidi."

"Mbele ya mashahidi," Kapeka alirudia.

Haikupita muda, Bwana Tolman akaja tena. Kama kawaida alifika wanakula. Simeona alikuwepo, pamoja na majirani wengine. Tolman alivua kofia na viatu, akamsalimu bibi kwa heshima zote, akakaa.

"Mama, poi yako hainiishi hamu."

"Karibu, baba," Bibi Nahinu alisema. Alikuwa mbali kwa mawazo, kama anayemsikiliza marehemu mumewe.

Tolman alichovya vidole. "Pilipo ndugu yangu, naona magimbi yamewachosha. Lile shamba tukodishieni sasa. Nyumba ya kambini ipo tayari. Mama atapata hata daktari karibu."

Pilipo aliinua uso. Mdomo ulifunguka, na Kapeka aliliona lile vema likija.

Aliinuka na kuchukua kifuniko. Kumfunikia mgeni chakula kabla hajashiba ni jambo ambalo mama yake mzazi asingemsamehe. Vidole vya Tolman vilikuwa njiani kurudi bakulini. Kapeka alifunika.

Tolman alirudisha mkono wake mapajani.

"Samahani, Mama. Samahani, wazee," alisema. "Bakuli limefunikwa. Sasa tunaweza kuongea. Bwana Tolman, shamba hatukodishi. Na maji ya usiku tunayataka."

Tolman alicheka kidogo. "Dada, mumeo alikubali."

"Alikubali bakuli likiwa wazi, nawe unajua maana yake. Sasa limefunikwa. Muulize tena."

Wote walimtazama Pilipo. Alikaa wima. "Hapana," alisema. Lilikuwa neno dogo, lakini lilimtoka kama mtu anayetua mzigo. "Hapana, bwana."

"Na mimi hapana," Simeona alisema. Jirani mwingine akasema hapana, na mwingine, mkeka mzima.

"Kampuni ina mawakili," Tolman alisema akivaa kofia.

"Nasi tuna mashahidi," Simeona alisema. "Tutaonana kwa hakimu wa maji. Vaa viatu, bwana, usije ukakanyaga tope letu."

Kesi ilichukua msimu mzima. Wakati huo watu wa Waiolu hawakukaa bure. Walirudia desturi waliyokuwa wameilegeza: kila nyumba ilitoa mtu wa kusafisha mfereji, kwani asiyesafisha hana zamu. Simeona aliwafundisha la kufanya na majaruba yaliyougua. Waling'oa magimbi yaliyooza na kuyatupa mbali. Walikausha jaruba mpaka tope likapasuka, wakaliacha lipumzike. Kisha walipanda miche kutoka kwa magimbi mazima tu, na kuacha nafasi ya maji kuingia juu na kutokea chini. Pilipo alifanya kazi kuliko wote na kusema kidogo kuliko wote.

Hakimu aliwasikiliza wazee mmoja mmoja. Mwishowe alisema maji ya bonde hayakuwa ya kuazimwa kwa neno la mtu mmoja. Kampuni ilibakiwa na maji ya mito mingine, mingi tu, na kwenye mabonde hayo hakuna aliyesema hapana kwa wakati. Lakini lango la Waiolu liling'olewa.

Maji yalirudi alfajiri, ukungu ukiwa bado chini. Kapeka alisikia kwanza, akadhani anaota. Kisha Pilipo naye akasikia. Walimshika bibi huku na huku, wakaenda naye mpaka ukingoni. Bibi Nahinu aliingiza miguu, akashtuka kwa baridi, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Pilipo alilia waziwazi, wala hakugeuza uso.

Mjini bendera ya Marekani iliendelea kupepea juu ya jumba la Malkia, na watu wa Waiolu walipopita hapo waliinamisha macho. Huko walikuwa hawajashinda. Lakini magimbi yalikomaa, meupe na magumu, bibi akala akashiba. Na jua lilipozama, maji ya bonde lile yalilala nyumbani.