Gurami Wawili wa Rangi Moja

Kila asubuhi fundi cherehani alishona sketi za shule sebuleni, karibu na dirisha. Upande wa pili, juu ya meza imara, palikuwa na tangi la kioo la baba mkwe wake. Ndani yake aliishi samaki mmoja wa mapambo aitwaye gurami, wa manjano, mfupi kama kidole gumba. Mzee alimwita Bwana Mdogo. Alimsalimu yeye kwanza, kisha ndipo watu wa nyumbani wapate salamu zao.

Siku moja Mzee aliteleza ngazini, akavunjika mguu. Kabla ya kupelekwa hospitali alimshika mkono mkamwana wake.

"Mwanangu, tangu mama yenu afariki, huyu ndiye ninayezungumza naye. Mumeo simwamini, hata ua la plastiki litamfia. Nakuachia wewe."

Mume wa fundi alikuwa kinyozi, mtu wa utani. Alicheka. Fundi hakucheka. Aliona amepewa heshima kubwa.

Heshima hiyo ndiyo iliyomponza. Alimtazama Bwana Mdogo akizunguka peke yake, akamwonea huruma. Akaenda kwa muuza samaki.

"Nina gurami wa manjano," alisema. "Nipe mwenzake."

"Wa manjano? Huyu hapa," alijibu muuzaji.

Hawakuulizana zaidi. Kwa fundi, mwenzake ni samaki wa aina ileile. Kwa muuzaji, ni gurami yeyote wa rangi ileile. Fundi akarudi nyumbani anatabasamu, kumbe amejipalia makaa.

Mgeni alikula, akanenepa, akamzidi mwenyeji mara mbili. Kisha ikabaki siku moja Mzee arudi. Asubuhi hiyo fundi alichungulia tangini, asimwone Bwana Mdogo.

"Mume wangu, njoo upesi!"

Kinyozi alikuja na taulo begani. Walimtafuta mpaka wakamwona. Alikuwa amejibana nyuma ya chujio la maji, mapezi yamechanika. Alijaribu kupanda juu. Mgeni akamrukia, akamrudisha chini. Akajaribu tena. Mgeni akamrudisha tena.

"Anataka nini huko juu?" aliuliza kinyozi.

"Sijui! Ila hamwachi afike!"

"Basi huyo mgeni tumtupe mtaroni. Na Bwana Mdogo akifa, tutanunua mwingine wa manjano. Mzee atajuaje?"

"Baba yako? Kikombe kikihama kabatini anajua! Na mimi nitamtazama kwa macho gani?"

Fundi alitoka mbio, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Alikwenda kwa jirani yake, Mama Pacha, aliyefuga samaki wa mapambo uani kwake. Mama Pacha aliacha chai yake mezani, akachukua wavu mdogo na ndoo.

Alipofika, alitazama tangi kidogo tu. Fundi alinyoosha mkono amtoe Bwana Mdogo.

"Acha! Mgonjwa usimsumbue," alisema Mama Pacha. "Anayetoka ni mchokozi."

Alichota maji ya tangi lilelile, akayatia ndooni. Akamnasa mgeni kwa wavu, akamtia humo.

"Usiijaze ndoo mpaka juu. Funika kwa kitambaa cha chandarua, maana hawa huruka. Plastiki usiweke. Gurami hupanda juu kuvuta hewa. Ukimzibia, unamuua."

Fundi aliweka mkono mdomoni. Kumbe Bwana Mdogo alikuwa anapigania pumzi!

Wote watatu waliinama mbele ya kioo. Bwana Mdogo alilala ubavu, hatikisiki. Kisha pezi likacheza. Samaki akainuka polepole, akafika juu, akavuta hewa, akashuka.

Fundi alilia.

"Atapona?"

"Usiniapishe," alisema Mama Pacha. "Zima taa ya tangi apumzike. Punguza maji kidogo, uongeze mengine yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini. Yasiwe baridi kuliko haya."

"Lakini wote ni gurami! Wote wa manjano!"

"Rangi inadanganya. Huyu wako ni gurami wa asali. Ni mdogo, mpole, mwoga. Rangi yake imetulia mwili mzima. Sasa mwangalie wa ndooni. Ana mabaka meusi mgongoni. Na hapa, unaona doa hafifu katikati ya mwili? Lingine liko kwenye shina la mkia. Huyu ni gurami wa madoa, aliyefugwa mpaka akawa wa dhahabu. Atafikia urefu wa kiganja. Na pezi la mgongoni limechongoka, kwa hiyo ni dume."

"Basi nikamtupe?" aliuliza kinyozi.

"Wee! Mtaro unaishia mtoni. Samaki wa kufugwa akiingia mtoni anaweza kuwasumbua wa huko, au kuwaletea ugonjwa. Nipe mimi, nina tangi kubwa."

Siku ya pili Mzee aliingia kwa magongo. Alikwenda moja kwa moja kwenye tangi. Bwana Mdogo alikuwa hai, lakini mapezi hayakuwa yamepona.

"Nani kamchana huyu?"

Kinyozi alitazama dari. Fundi alipiga moyo konde, akasimama.

"Ni mimi, Baba. Nilimletea mwenzake, nikakosea aina. Nilimwona mpweke."

Mzee aliegemeza magongo ukutani. Alikaa.

"Mpweke," alisema Mzee mwishowe. "Miaka yote nimeongea naye, sikuwahi kuliona hilo. Nenda tena dukani. Chagua wewe."

"Baba, hata mimi naweza kwenda," alisema kinyozi.

"Wewe nyoa watu."

Safari hii fundi alitaja jina kamili: gurami wa asali, jike, kwa sababu madume mawili hugombana. Alikagua mgongo, akatafuta madoa, akauliza samaki atakua kiasi gani. Alichukua pia kambale wadogo wapole, kikundi kizima, maana hupenda kukaa pamoja chini. Samaki wenye tabia ya kudonoa mapezi aliwakataa. Akapanda majani ya majini, ili kila mwoga apate pa kujificha.

Mapezi ya Bwana Mdogo yaliota. Koo lake likawa jeusi, akaanza kujenga kiota cha mapovu juu ya maji. Mama Pacha alisema dume hufanya hivyo akitulia na kutaka kuzaa.

Siku moja rafiki wa Mzee alilisifu sana tangi hilo, akaomba ushauri wa kuanzisha lake.

"Usiniulize mimi," alisema Mzee. "Mwenye tangi ni yule pale kwenye cherehani."