Deki Inayonasa

Sekela alikuwa mtoto wa Uyole, kule Mbeya, kwenye baridi na ukungu. Alikuwa na sweta la bluu na pengo mbele, mahali lilipong'oka jino.

Nyumbani kwao walikuwa watatu tu. Baba, Mama, na Sekela mwenyewe.

Siku moja Mjomba Ambakisye alileta boksi kubwa. Ndani yake mlikuwa na deki.

Haikuwa deki ya kuonyesha tu. Deki hii ilirekodi vipindi vya runinga, mtu akavitazama baadaye. Mjomba alikuwa amepata nyingine mpya. Akawaambia waijaribu hii. Wakiipenda, ibaki kwao. Wasipoipenda, atakuja kuichukua.

Baba akaiweka chini ya runinga. Akachomeka waya huku. Akachomeka waya kule. Akabonyeza kitufe.

Ziii, ziii, ikalia deki.
Jicho jekundu likamtazama Sekela.

Sekela akarudi nyuma. Akajificha nyuma ya kochi.

"Usiogope," Baba akasema. "Tunaijaribu tu. Tuone kama inanasa vizuri."

Inanasa?

Sekela alilijua neno hilo. Juzi tu mtego wa jikoni ulinasa panya. Tap! Panya akahangaika, akahangaika. Hakuweza kutoka.

Kwenye runinga alikuwepo mpishi mwenye kofia ya njano. Alikuwa akirusha chapati juu, akiidaka, akiirusha tena. Deki ikamtazama mpaka alipomaliza.

Kisha Baba akabonyeza kitufe kingine. Mpishi akarudi! Kofia ile ile. Chapati ile ile. Ikapanda juu, ikashuka, kama mwanzo.

Baba akabonyeza tena. Mpishi akaganda. Mkono juu, mdomo wazi. Chapati ikabaki hewani, haishuki.

Baba alifurahi sana. Alisema picha ni safi, sauti ni safi, na mpishi amenaswa vizuri kabisa.

Lakini Sekela alimtazama yule mpishi, akamwonea huruma. Maskini. Hata mkono hawezi kuushusha.

Baba akatoa kwenye deki sidii iliyomnasa mpishi. Akaitia ndani ya kasha lake. Kop! Akalifunga.

Usiku ule Sekela alijifunika blanketi mpaka kichwani.

Jumapili ikafika. Mama akavaa sare yake ya kwaya, kitenge cha kijani chenye maua meupe. Kwaya yao ilikuwa imealikwa kuimba kwenye runinga, jioni ile ile, moja kwa moja kutoka studio ya mjini.

Baba alikuwa amekwisha kutayarisha sidii mpya. Alimwambia Mama kwamba leo ndiyo siku ya kuijaribu deki kwelikweli. Leo itamnasa yeye.

Moyo wa Sekela ukaruka. Du! Du! Du!

Alikimbia akamshika Mama kitenge. Mama akamwuliza ana nini. Sekela akazidi kukikumbatia kitenge. Akatikisa kichwa tu. Mama akambusu shavuni, akatoka, akapotea kwenye ukungu.

Jioni, Baba akawasha runinga. Akashika rimoti. Akabonyeza.

Ziii, ziii, ikalia deki.
Jicho jekundu likamtazama Sekela.

Mara Mama akatokea! Alikuwa mdogo, mdogo kama gunzi la hindi. Alisimama katikati ya wenzake, akaanza kuimba.

"Ukungu panda, panda mlimani..."

Ilikuwa sauti ya Mama, ile ile ya kila siku. Na jicho jekundu lilikuwa linawaka.

Mawazoni Sekela akamwona panya. Akamwona mpishi. Akaiona chapati isiyoshuka.

Baba alikuwa amekodolea macho runinga. Sekela akatambaa chini, polepole, kwa magoti. Akanyoosha kidole. Akabonyeza kile kitufe cha mraba, kile ambacho Baba hubonyeza akimaliza.

Tik.

Jicho likazimika. Kwenye runinga Mama aliendelea kuimba. Sekela akashusha pumzi.

Lakini wimbo ukaisha. Kwaya ikapotea. Akaja mtu mwenye tai, akaanza kusoma habari.

Mama hakuwepo tena.

Sekela akaitazama deki. Ilikuwa nyeusi na kimya. Je, alikuwa amechelewa kubonyeza? Je, Mama alikuwa mle ndani?

Baba ndipo akaliona jicho limezimika. Akauliza kwa nini.

Sekela akaangua kilio. "Sikutaka Mama anaswe," akasema. "Kama panya. Kama yule wa chapati."

Baba hakucheka. Aliiweka rimoti chini, akampakata.

"Deki hainasi mtu, mwanangu. Inanasa picha yake na sauti yake, basi."

"Na Mama mwenyewe yuko wapi?"

"Mama yuko njiani. Anarudi."

Sekela alitaka kuamini. Aliitazama deki. Aliutazama mlango. Mlango ulikuwa umefungwa.

Wakasimama dirishani, yeye na Baba. Nje ukungu ulikuwa umeshuka kabisa. Hata geti halikuonekana. Hata nyumba ya jirani haikuonekana.

Wakangoja. Mama hakuja.

Wakangoja tena. Mama hakuja.

Sekela akaubana mkono wa Baba kwa nguvu.

Kisha kwa mbali, ndani ya ukungu, viatu vikasikika.

Kwa, kwa, kwa.

Kwa, kwa, kwa.

Geti likalia, ngiii. Kikatokea kitenge cha kijani. Yakatokea maua meupe.

Sekela akatoka mbio, hata viatu hakuvaa. Akamrukia. Akamshika mikono, akamshika mashavu. Mama alikuwa baridi kwa nje na moto kwa ndani. Na hakuwa kama gunzi la hindi. Alikuwa mkubwa, mkubwa wake ule ule.

Waliingia ndani, Baba akamweleza Mama yote. Mama akakaa kwenye kochi, akampakata Sekela. Akaomba deki iwashwe.

Ziii, ziii, ikalia deki.
Sekela akakishika kidole cha Mama.

Mama akatokea kwenye runinga. Na Mama alikuwa pale pale kwenye kochi! Yule wa runinga aliimba. Huyu wa kochini alipiga chafya.

Baba akabonyeza. Mama wa runinga akaganda, mdomo wazi. Mama wa kochini akaipangusa pua yake, akauliza kama kweli huwa anafumbua mdomo namna ile.

Sekela akacheka. Akaenda kugusa kioo. Kilikuwa baridi, hakina mtu. Akarudi kumgusa Mama. Alikuwepo.

"Sasa nibonyeze mimi," akasema.

Akabonyeza. Mama akaimba, "Ukungu panda, panda mlimani..." Tik! Picha ikakatika. Hapo ndipo Sekela alipokuwa ameizima.

Sekela akainamisha kichwa. Wimbo uliobaki wote ulikuwa umepotea.

Mama hakukasirika. Baba akauliza deki irudi kwa Mjomba au ibaki. Sekela akafikiri kidogo. Akasema ibaki, ila ikae karibu na ukuta, isiwe karibu na kitanda chake.

Kisha Mama akambeba mpaka chumbani. Akamvua sweta la bluu. Akamfunika blanketi, safari hii mpaka shingoni tu.

"Nimalizie wimbo," Sekela akaomba.

Mama akakaa kando ya kitanda. Akaimba kwa sauti ndogo, ya mtu mmoja tu:

"Ukungu panda, panda mlimani,
tuione njia ya kurudi nyumbani."

Sekela alikuwa amekwisha kulala.

Basi na sisi tuifunike hadithi yetu, nayo ilale.