Mkono Uliouma Bila Jeraha

Enzi za Wajerumani, Tulinagwe alikuwa mfinyanzi kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa. Alichimba udongo, akaukanda, akafinyanga vyungu. Mumewe Tomasi alivipakia mtumbwini, akaenda kuvibadilisha kwa mpunga na ndizi kwa watu wa Ngonga. Waliishi na Veronika, dada yake Tomasi, mjane mwenye binti mdogo, Felista.

Mwaka mmoja mkono wa kulia wa Tulinagwe ulianza kuuma. Maumivu yalianzia kwenye kiwiko, yakashuka kwa kasi mpaka kidole cha mwisho. Yalikaa siku tatu, yakapoa. Baada ya wiki mbili yakarudi. Hapakuwa na jeraha wala uvimbe.

"Labda ni kazi ya udongo," alisema Tomasi.

Tulinagwe akapumzika mwezi mzima. Maumivu yakarudi vilevile.

Mganga wa kwanza alimchanja chale. Wa pili akamuuliza, "Nyumbani kwako nani anakuonea kijicho?"

Tulinagwe alikuwa amegombana na wifi yake juu ya shimo la udongo. Akamtaja Veronika.

Wazee wakasema Veronika anywe mwavi, ile sumu ya kupimia wachawi, au ahame. Veronika alimtazama kaka yake. Tomasi akainamisha kichwa. Ilikuwa masika. Veronika akambeba Felista mgongoni, akaondoka katika mvua.

Mkono uliendelea kuuma.

Siku moja Tulinagwe alikuwa akitoa vyungu motoni. Jirani yake Elizabeth akapiga kelele, "Mama, kidole chako kinaungua!"

Tulinagwe akatazama. Ngozi ilikuwa imebabuka, naye hakuhisi kitu.

Elizabeth akampeleka kwa Hezroni, mtu wa kwao aliyefundishwa uuguzi na wamisionari.

"Ugonile, mama," Hezroni alimsalimu. Akamwambia afumbe macho, akapitisha unyoya wa kuku mkononi mwake. "Sema nikikugusa."

"Hapo. Na hapo." Kisha Tulinagwe akanyamaza. Alipofumbua macho, unyoya ulikuwa bado unamgusa, juu ya baka lililofifia chini ya kiwiko. Baka lile aliliona tangu mwaka jana, akalidharau.

Hezroni akapapasa nyuma ya kiwiko. "Mshipa wa fahamu umevimba kama kamba. Huu ndio unaouma. Mama, huu ni ukoma."

Tulinagwe akauliza, "Nani amenitupia?"

"Hakuna. Ni ugonjwa, kama homa ilivyo ugonjwa."

"Dawa?"

"Ya kuuponya sina. Lakini vidole havikatiki vyenyewe. Vinaisha kwa kuungua na kuumia bila mtu kuhisi. Mkono ukiuma, ufunge kwa kitambaa shingoni, utulie. Usishike cha moto kwa mkono mtupu. Kila jioni tazama vidole kimoja kimoja, maana vyenyewe havitakuambia."

Msomaji, hayo yalikuwa ya zamani. Leo ukoma unapona kwa vidonge, na anayewahi matibabu huepuka ulemavu.

"Ndaga, baba," Tulinagwe alimshukuru. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Basi nimemfukuza mtu bure."

Yeye na Tomasi walimtafuta Veronika siku nyingi. Walimkuta ng'ambo ya Ipinda, akipalilia mpunga wa watu.

"Felista yuko wapi?" Tomasi aliuliza.

Veronika akaonyesha kwa jembe kaburi dogo kando ya migomba. "Homa. Tulilala mvuani siku nne."

Tulinagwe akapiga magoti matopeni. "Wifi, nilikusingizia. Ni ugonjwa tu."

"Mimi nilijua kwamba si mimi," alisema Veronika. "Nenda kawaambie waliokuamini." Akarudi kupalilia.

Tulinagwe akaenda. Mbele ya wazee alionyesha baka lake, akautaja ugonjwa wake kwa kinywa chake mwenyewe. Wengi waliacha kuchukua vyungu vyake. Veronika hakurudi kamwe.

Lakini kila jioni Tulinagwe alivitazama vidole vyake, na vyote kumi alizeeka navyo.

Miaka ilipita. Mzee mmoja wa kijijini, Ezekia, akaanza kuumwa mguu bila sababu. Mkewe akafungua kinywa amtaje jirani.

"Nyamaza kwanza," Tulinagwe alimwambia. "Twende kwa Hezroni."

Ulikuwa mwiba uliozama ndani ya nyama. Hezroni akautoa. Usiku ule mvua ilinyesha sana, na jirani yule alilala nyumbani kwake.