Uvundo wa Gogo la Malam Tanko

Yote yalianza na bakuli la fura. Gambo, kijana mtia nguo rangi ya nili pale Kano, mikono ya buluu hadi viwikoni, alikunywa nusu ya ule uji wa mawele na maziwa, nusu akaimimina taratibu ndani ya shimo la rangi. Dada yake Kande akamwona.

"We Gambo! Maziwa kwenye rangi ya watu? Umerogwa?"

"Wana njaa," akanong'ona. "Usipaze sauti. Wanakutaja."

"Akina nani?"

Gambo alitega sikio shimoni, akiitikia kwa kichwa kama mtoto anayekaripiwa.

Tangu hapo hakulala wala kuoga. Aliziba masikio kwa pamba, akawa anabishana na ukuta adhuhuri kweupe, mpaka mama yao, Inna Talle, nywele zikamsimama. Mtaa ukaamua: shimo lile lilifunuliwa bila bismillahi, jini limempanda. Neno likishatoka, nani wa kulirudisha?

Wakampeleka kwa Malam Tanko, mwalimu na mganga aliyekaa nyuma ya ukuta wao. Mtu huyo nikimtaja natamani kutema mate. Aliandika aya ubaoni, akaosha wino, akamnywesha kombe. Kombe sina ugomvi nalo, halijaua mtu. Ugomvi wangu ni gogo. Uani kwake lilikuwapo gogo zito lenye tundu. Mguu wa Gambo ukapitishwa humo, chuma kikagongelewa juu ya kifundo, akawa anakula hapo hapo na kunya hapo hapo.

"Msije kumwona, jini litajificha," Malam akawaambia. "Likianza kunuka, shukuruni. Ndiyo linatoka."

Na likanuka. Kwanza ilikuwa kama ngozi mbichi iliyosahauliwa majini, na wale watia rangi, pua zao zimezoea uvundo wa mashimo, hawakushtuka. Halafu ikazidi, ikapanda ukuta, ikaingia kwenye ugali, kwenye shuka, kwenye nywele za watoto, na chini ya harufu ikawa inasikika du, du, du ya gogo likigonga ardhi, kila kukicha polepole zaidi, hata wanawake kisimani wakawa wanabana pua kwa ushungi na kunong'onezana kwamba hilo ni jini la ukoo mkubwa, ndiyo maana linakufa vibaya hivyo. Inna Talle akakaanga masa, vile vitumbua vya mchele, akagawa sadaka ya shukrani. Watu wakala! Uvundo ule hewani, nao wanalamba vidole!

Siku moja Kande akamshika mama yake mkono.

"Inna, gogo limenyamaza."

"Ametulia, mwanangu. Jini limetoka."

"Mbona harufu haijatoka?"

Hakungoja jibu. Alichukua shoka la kuni, akaingia kwa Malam bila hodi, akafunua tambara lililofunika ule mguu. Chuma kilikuwa kimezama nyamani. Funza wakamwagika kama wali uliopinduka sufuria.

Gambo akamtazama. "Dada, hawa wananila kweli, au ni yale yangu? Niambie ukweli. Mimi siku hizi sijui."

"Ni kweli," Kande akasema, akageuka pembeni akatapika.

"Ukimfungua litakurukia wewe!" Malam akafoka kutoka mlangoni.

"Na lije! Litanikuta na shoka!"

Akapasua gogo. Hospitali waliukata mguu chini ya goti. Daktari Bilkisu akamkalisha Inna Talle kitako.

"Mama, mwanao ana skizofrenia. Ni ugonjwa wa ubongo. Hakurogwa, hana watu wawili ndani yake, wala si mtu wa kuogopwa. Zile sauti anazisikia kama unavyonisikia mimi. Dawa na sindano zitazipunguza, asiache hata akijiona mzima. Nanyi zungumzeni naye, mrudisheni kazini."

"Na jini lililokuwa linanuka?"

"Ulikuwa mguu, Mama."

Inna Talle akazikumbuka masa zake, akajifunika uso kwa ushungi.

Gambo akarudi mashimoni na mkongojo. Sauti hazikwisha zote. "Leo wananung'unika tu," humwambia Kande, "kama majirani wasiolipwa deni lao." Kande hucheka, kisha humwuliza kama amemeza dawa.

Mnadhani Malam Tanko alifukuzwa? Thubutu! Watu walisema jini lilitokea mguuni, si mnaona kijana amepona? Wateja wakaongezeka. Akachonga gogo jingine.

Asubuhi moja Gambo aliacha nguo shimoni, akainua pua.

"Dada, unasikia harufu? Au ni yale yangu?"

Kande akanusa. Upepo uligeuka. Ngozi mbichi. Na nyuma ya ukuta, polepole, du. Du.

"Si yako," akasema, mkono wake unatafuta shoka.

Hapo jirani yao Ladi akatokea na sinia kichwani, uso unang'aa kwa furaha.

"Chukueni masa, chukueni! Sadaka ya binti yangu. Limeanza kunuka, alhamdulillahi."