Bunduki Haivuliwi Kofia

"Hao wanazika nini, mkalimani?"

Luka alisogeza kipaza sauti mdomoni. Kwenye televisheni ya kibanda cha video pale Nkuhungu, ambako alitafsiri filamu za kigeni, wapiganaji wa msituni walikuwa wakichimba theluji. Kando yao palikuwa na kitu kirefu kilichoviringishwa turubai.

"Wanaficha bunduki," alisema. "Adui asizione."

"Na kijana aliyepigwa risasi darajani?"

Muulizaji alikuwa yuleyule, Edina, muuza karanga, kutoka benchi la nyuma.

"Amejeruhiwa tu. Atarudi kwa mchumba wake."

Edina alikuwa amelipa kiingilio tena na tena kwa filamu hiyo hiyo. Mumewe, Kefa, alikwenda vita vya Kagera, hakurudi, wala maiti yake haikuletwa. Kwa wakwe zake Buigiri hayakuwekwa matanga. Miaka imepita, ruksa ya biashara imekuja, watu wanafungua maduka na vibanda, yeye bado anamwekea mume chakula pembeni. Luka alimwona analia siku ya kwanza, akamhurumia, akadanganya. Uongo ule ukamgeukia mwenyewe: alimpenda Edina, naye Edina akazidi kumngoja Kefa.

"Edina, nijibu," alimwambia onyesho lilipokwisha. "Napika ugali wa mtu mmoja, nakula nikiangalia ukuta. Tuoane."

"Kaka Luka, si umesema yule kijana atarudi?"

"Ile ni filamu."

"Na aliyetafsiri ni nani?"

Luka akazima televisheni.

Jumapili mchana kibanda kilijaa. Wapiganaji walipoanza kuchimba, Luka akarudia habari ya bunduki. Yotham, askari mstaafu, akacheka.

"Bunduki gani hiyo inavuliwa kofia? Tazameni, wote vichwa wazi. Mimi nimezika wenzangu. Mkalimani, unatufunga kamba."

Watu wakaangua kicheko. Edina akasimama.

"Kaka Luka, ni bunduki?"

Angesema ndiyo, Edina angemngoja Kefa mpaka uzee. Angesema hapana, huenda asingemtazama tena.

"Ni mtu," alisema, kipaza sauti kikiwa wazi. "Ni yule kijana. Alikufa palepale darajani."

"Siku zote ulijua?"

"Nilijua."

"Na mchumba wake?"

"Hajaambiwa. Ndiyo maana mwisho wa filamu bado anafua shati lake."

Edina alitoka. Luka aliiacha filamu iende bila maneno, akamfuata juani.

"Ungeniambia," Edina alisema.

"Niliogopa kukupoteza."

"Hukuwa umenipata." Alijifunga khanga vizuri. "Nakwenda Buigiri. Mama mkwe amezeeka, na hakuna aliyethubutu kumwambia tumlilie mwanawe."

"Nikusindikize?"

"Utakaa upande gani wa msiba? Si ndugu, si jirani. Baki."

Akabaki. Mvua za Desemba zikaja, mtama ukaota, na Luka akatafsiri filamu nyingine nyingi huku akitupia jicho benchi la nyuma. Lilikaliwa na wengine.

Mtama ulipoanza kukomaa, Edina alibisha hodi mlangoni kwa Luka. Alikuwa amenyolewa, nywele zimeanza kuchipua. Nyuma yake alisimama Elisante, mdogo wake Kefa.

"Tumeanua matanga," Edina alisema.

"Poleni sana. Mama je?"

Elisante ndiye aliyejibu. "Alilia mpaka akalala. Alipoamka akasema, huyu sasa ni binti yangu, na binti huolewa. Anauliza posa italetwa lini."

Luka alitazama chumba chake, kiti kimoja, sahani moja.

"Sina mtu wa kumtuma."

"Mama anajua, nilimweleza habari zako zote," Edina alisema. "Amesema uje mwenyewe."